SANDUKU LENYE TUNDU
Historia ya fungu la kumi, na swali ambalo vijana wetu wanauliza

Masomo ya kusoma nyumbani: 2 Wafalme 12:4-15, Nehemia 13:4-13, Malaki sura ya 1 mpaka 3, 2 Wakorintho 8:16-21



Katika mikutano ya vijana ya siku hizi, kuanzia Katindo mpaka Ndosho, kuna swali moja linalorudi kila mara: "Fungu langu la kumi linaenda wapi?" Wengine wanaliuliza kwa hasira. Wengine wanaliuliza kwa sauti ya chini, baada ya ibada, wakiogopa kuitwa waasi. Na wengine hawaulizi tena. Wameacha tu kutoa, na kidogo kidogo wanaacha kuja.

Tusiwahukumu haraka. Tangu Januari 2025, vita ilipoingia mjini na benki zikafunga milango, pesa ya mkononi imekuwa shida kwa kila nyumba. Mtu akipokea pesa kwenye simu, anakatwa tena wakati wa kuitoa. Motari anayerudi nyumbani jioni na franka 10,000 baada ya kulipa mafuta na mwenye pikipiki, akitenga franka 1,000 kwa Bwana, ametoa sehemu ya chakula cha watoto. Dada mwenye diploma anayeuza unite pale Birere kwa sababu kazi ya diploma yake haipo, naye akitoa, ametoa kitu kinachouma. Mtu akitoa kinachouma, ni haki yake kujua kimefanya kazi gani.

Sisi wazee tumezoea kujibu: "Usiulize, wewe toa tu, Mungu anaona." Jibu hilo lina ukweli nusu. Mungu anaona kweli. Lakini tukifungua Biblia na tukifungua historia ya kanisa, tunaona kwamba swali la vijana si jipya, wala halikuanza na uasi. Limekuwepo tangu zamani, na mara nyingi Mungu amelitumia kuamsha utoaji uliokuwa umekufa.

Mwanzo wa fungu la kumi

Wengine wanasema fungu la kumi ni sheria ya Musa, na sisi tuko chini ya neema. Tukumbuke kwamba Abrahamu alimpa Melkisedeki sehemu ya kumi (Mwanzo 14), na Yakobo aliahidi sehemu ya kumi pale Betheli (Mwanzo 28), miaka mingi kabla ya Musa kuzaliwa. Hakuna aliyewalazimisha. Abrahamu alitoa akitoka vitani, Yakobo aliahidi akiwa mkimbizi anayelalia jiwe. Watu wa Goma tunaelewa hali zote mbili.

Musa alipoleta sheria, alilipa fungu la kumi kazi zinazojulikana. Hesabu 18 inasema ni la Walawi, kwa sababu hawakupewa shamba. Lakini mstari wa 26 unaongeza jambo ambalo hatulihubiri mara nyingi: Walawi wenyewe walipaswa kutoa sehemu ya kumi ya kile walichopokea. Mtumishi naye ni mtoaji. Na Kumbukumbu la Torati 14 inaamuru kwamba kila mwaka wa tatu fungu hilo libaki mjini kwa ajili ya Mlawi, mgeni, yatima na mjane, wale na kushiba. Yaani tangu mwanzo kila mtu katika kijiji aliweza kuonyesha kwa kidole mahali fungu la kumi lilipofika: kwa Mlawi yule, na kwenye sahani ya mjane yule.

Sanduku la Yoashi

Mfalme Yoashi aliamuru makuhani wachukue fedha ambazo watu wanaleta, watengeneze nyufa za nyumba ya Bwana. Watu walileta. Lakini ulipofika mwaka wa 23 wa utawala wake, nyufa zilikuwa bado pale pale. Biblia haituambii kwamba makuhani walikuwa wezi. Inasema tu kwamba fedha iliingia na nyumba haikutengenezwa. Mfalme akawaita, akawauliza mbele ya kuhani Yehoyada: kwa nini?

Angalieni, wapendwa, kile Yehoyada alichofanya. Hakukasirika kwa kuulizwa. Hakusema mfalme amegusa masihi wa Bwana. Alichukua sanduku, akatoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka kando ya madhabahu, mahali kila anayeingia anaona. Fedha ilipojaa, hakuihesabu peke yake: mwandishi wa mfalme alikuja, na kuhani mkuu alikuwepo, wakaihesabu pamoja, wakaifunga katika mifuko, wakawapa wasimamizi wa kazi, nao wakawalipa maseremala na waashi. 2 Mambo ya Nyakati 24 inaongeza kwamba watu na wakuu walifurahi, wakaleta mpaka sanduku likajaa.

Watu walikuwa wale wale, na nchi ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni sanduku, na kwamba waliohesabu walikuwa wawili.

Mtu mwingine ataniambia: mstari wa 15 unasema wale wasimamizi wa kazi hawakudaiwa hesabu, kwa kuwa walitenda kwa uaminifu. Ni kweli. Lakini mstari wa 15 unakuja baada ya mstari wa 9 na wa 10. Kwanza lilikuja sanduku la wazi, na wahesabuji wawili, na nyufa zikaonekana zinazibwa. Ndipo uaminifu ukawa mkubwa mpaka watu wakaacha kudai hesabu. Sisi tunapenda kuanzia mstari wa 15.

Chumba cha Tobia

Karibu miaka 400 baadaye, Nehemia alirudi Yerusalemu akakuta Walawi na waimbaji wamekimbilia mashambani kwao. Watu walikuwa wameacha kuleta fungu la kumi. Tukiishia hapo, tutasema watu walikuwa wabaya. Lakini soma mistari ya juu yake. Kuhani Eliashibu, ambaye alisimamia vyumba vya hazina, alikuwa amempa jamaa yake Tobia chumba kikubwa, kile kile ambamo zamani waliweka nafaka, divai, mafuta na fungu la kumi. Ghala la Bwana lilikuwa limegeuka nyumba ya kulala ya rafiki wa kuhani.

Nehemia alifanya mambo matatu, kwa mpangilio huu. Alitupa nje vyombo vya Tobia na kusafisha chumba. Aliwakemea wakuu. Kisha akaweka watu wa kusimamia ghala: kuhani, mwandishi, Mlawi, na msaidizi wao, kwa sababu walihesabiwa kuwa waaminifu. Na Yuda wote wakaanza tena kuleta nafaka, divai na mafuta.

Wasomi wengi wanamweka nabii Malaki katika majira hayo hayo. Malaki 3:8-10 tunaijua kwa moyo, tunaisoma karibu kila Jumapili kabla kikapu hakijapita. Lakini kitabu chake hakianzii sura ya 3. Sura ya 1 na ya 2 Mungu anasema na makuhani: wanaleta wanyama vipofu na vilema, wanaonea watu katika sheria, wamewakwaza wengi. Baada ya kuwakemea watumishi ndipo anawageukia watoaji. Anayehubiri sura ya 3 bila sura ya 1 na ya 2 amepeleka nusu ya barua.

Kanisa la kwanza, na kodi ya wafalme

Mtume Paulo alikusanya mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Alikuwa mtume, alifanya miujiza, angeweza kuubeba mchango huo peke yake. Hakutaka. Katika 2 Wakorintho 8 anaeleza kwamba anamtuma Tito pamoja na ndugu wengine, mmoja wao amechaguliwa na makanisa yenyewe, ili mtu yeyote asipate la kulaumu juu ya fedha ile. Alitaka mambo yawe sawa mbele za Bwana na mbele za watu pia. Kama Paulo alihitaji mashahidi, nani kati yetu hawahitaji?

Wakristo waliofuata walishika njia hiyo. Karibu mwaka 150, Justino aliandika Roma kwamba sadaka ya Jumapili iliwekwa kwa kiongozi, naye akawasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Karibu mwaka 197, Tertuliano wa Kartago alieleza kwamba kila mtu alitoa kwa mwezi kile alichoweza, bila kulazimishwa. Na Didake, kitabu kidogo cha mafundisho cha Wakristo wa kale, kilifundisha kuwapa manabii wa kweli malimbuko, lakini nabii anayejiombea pesa ahesabiwe wa uongo.

Baadaye huko Ulaya mambo yaligeuka. Mtaguso wa Mâcon mwaka 585 uliamuru fungu la kumi na kuwatishia wasiolipa. Mwaka 779 mfalme Charlemagne alilifanya sheria ya nchi. Kuanzia hapo fungu la kumi likawa kodi. Mkulima alihesabiwa miganda yake shambani, na mara nyingi nafaka ilienda kwa askofu wa mbali au bwana mkubwa, wakati padri wa kijiji chake alikuwa na njaa na paa la kanisa linavuja. Wafaransa walipofanya mapinduzi mwaka 1789, moja ya mambo ya kwanza waliyoyafuta, mwezi wa Agosti, lilikuwa fungu la kumi. Lilikuwa limedumu miaka elfu moja, na likafutwa katika siku chache, kwa kuwa watu hawakuona tena ndani yake mkono wa Mungu. Waliona mkono wa mkusanya kodi.

Injili iliyokuja Kivu kwa sarafu ndogo

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1921 Wapentekoste kutoka Uswidi walifika Uvira, na baadaye kazi ikaota mizizi Lemera. Wakati ule ule ndugu kutoka Norway, kati yao Gunnerius Tollefsen, walianza kazi Kalembelembe. Kutoka kwenye mbegu hizo zilitoka jumuiya tunazozijua leo kama 8e CEPAC na 5e CELPA.

Nani aliwalipia meli? Si mfalme wa Uswidi. Uswidi ilikuwa na kanisa la taifa, na kwa karne nyingi fungu la kumi lilikuwa sheria huko. Lakini Wapentekoste walikuwa watu wadogo waliojitenga: kanisa la Filadelfia la Lewi Pethrus, Stockholm, lilifukuzwa katika umoja wa Wabatisti mwaka 1913. Hawakuwa na kodi ya kula. Walitoa kwa hiari, na kila kanisa la mahali lilijitwalia mmisionari wake mwenyewe wa kumtuma na kumlisha. Wamama walikutana kushona na kufuma, wakauza kazi ya mikono yao, na pesa ikaenda misioni. Mmisionari alipaswa kuwaandikia barua, kuwaeleza kazi inaendaje. Ndiyo hesabu yao: sarafu ilivuka bahari, na habari ikarudi.

Na huku kwetu serikali ya Wabelgiji haikusaidia shule za Waprotestanti mpaka mwaka 1948. Msaada wake ulikuwa wa misioni za Kikatoliki. Kwa miaka zaidi ya 20 shule zetu zilisimama kwa sadaka.

Kisha wakati ukageuka. Uhuru ulikuja mwaka 1960, na mwaka 1964 uasi uliingia Uvira na Fizi, wamisionari wengi wakalazimika kuondoka. Kanisa halikufa. Wababa na wamama wa Kivu, ambao wazungu wengine walidhani ni wapokeaji tu, waliendelea kulisha wachungaji wao kwa maharage, mihogo na ndizi.

Wazee wetu wanakumbuka sadaka ya mavuno. Watu walikuja na kuku, mbuzi, vikapu vya viazi, debe la maharage. Baada ya ibada vitu viliuzwa kwa mnada pale pale kwenye kiwanja, na kila mtu alisikia bei. Miaka ya 1990 zaire ilipoanguka mpaka serikali mwezi wa Oktoba 1993 ikabadilisha zaire 3,000,000 za zamani kwa zaire 1 mpya, aliyeleta debe la maharage alileta kitu cha maana kuliko aliyeleta bunda la noti.

Tulifikiri hiyo ni desturi ya kijijini tu. Kumbe ilikuwa na hekima ya sanduku la Yehoyada ndani yake. Mbuzi haingii mfukoni. Kanisa zima lilimwona akija, lilimsikia akiuzwa, na wiki iliyofuata liliona mabati juu ya paa.

Mawe ya mwaka 2002

Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka, lava ikapita katikati ya mji mpaka ziwani. Watu zaidi ya 100,000 walibaki bila nyumba. Makanisa mengi yalizikwa, hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu la ndugu zetu Wakatoliki. Wengi wenu mlikuwepo. Mnakumbuka jinsi tulivyojenga juu ya mawe yale yale yaliyotuangamiza: kuyavunja kwa nyundo, kuyapakia kwenye chukudu, kuyapanga kuwa msingi. Aliyekosa pesa alibeba mawe. Hakuna aliyeuliza sadaka inaenda wapi, kwa sababu jibu lilikuwa ukutani, na kila mtu alilijua jiwe lake.

Vijana wetu wengi hawakuwepo, au walikuwa mgongoni mwa mama. Wao wamekua katika wakati mwingine. Wakati wao pesa inaingia kwa simu, kimya kimya, kwenye namba ambayo mara nyingine ni ya mtu binafsi. Hakuna anayeona mbuzi. Hakuna mnada.

Na wakati wao kumekuja fundisho lingine. Mhubiri Mmarekani Oral Roberts, aliyetoa kitabu chake juu ya imani ya mbegu mwaka 1970, alieneza wazo kwamba sadaka ni mbegu unayopanda ili upate muujiza wako. Wazo hilo lilisambaa duniani, na vijana wetu wamelisikia likihubiriwa kwa nguvu: panda dola 100, upate viza, panda simu yako, upate mume. Waliopanda na hawakuvuna hawakumwacha mhubiri yule peke yake. Wamewaacha wote, pamoja na mchungaji mwaminifu wa Mugunga anayelala na njaa. Hiyo ndiyo hasara yetu kubwa, wapendwa.

Maneno kwa pande mbili

Kwenu vijana. Swali lenu ni la haki, lakini historia hii haimpi mtu ruhusa ya kufunga mkono. Yoashi aliuliza, kisha nyumba ikajengwa. Nehemia aliuliza, kisha ghala likajaa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ili abaki na chake. Wengine wenu mnasema, fungu langu nalipeleka mwenyewe kwa mjane au kwa familia iliyotoka kambini. Ni tendo jema, nalo liko katika Kumbukumbu la Torati. Lakini mkumbuke kwamba miaka ile ya 2023 na 2024, watu walipojaa Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala, mtu mmoja aliweza kulisha nyumba moja. Makanisa yakiweka pamoja yaliweza kuzika wafu, kupika masufuria, na kupeleka wagonjwa hospitali. Bwana wetu katika Mathayo 23:23 hakuwakataza Mafarisayo kutoa. Aliwakemea kwa kusahau haki, rehema na uaminifu. Shikeni vyote.

Kwetu wachungaji, wazee na mashemasi. Tusiwaite waasi. Mtoto anayeuliza bado yuko mezani, anayenyamaza ameshaondoka. Tunaweza kuanza na mambo madogo Jumapili hii hii. Wahesabu watu wawili au watatu wasio wa nyumba moja, na mmoja wao awe kijana. Namba ya simu ya sadaka iwe kwa jina la kanisa, isiwe ya mchungaji wala ya mke wake. Mwisho wa mwezi isomwe mbele ya kanisa: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, hata kama kilichobaki ni franka 5,000. Sehemu ya mjane na yatima itajwe peke yake. Na mchungaji, kama Mlawi wa Hesabu 18, awe wa kwanza kupita mbele ya kikapu na fungu lake.

Anayeogopa kwamba hesabu ikisomwa watu watajua umaskini wa kanisa, asiogope. Goma haijawahi kuona aibu ya umaskini. Tumeona aibu ya vitu vilivyofichwa.

Maombi

Baba, ulipokea sehemu ya kumi ya Abrahamu akitoka vitani, na ahadi ya Yakobo akiwa mkimbizi. Pokea na kidogo chetu. Safisha kila chumba ambacho Tobia amelala ndani yake. Utupe akina Yehoyada wasiokasirika wakiulizwa, na vijana wanaouliza wakiwa na mkono wazi. Utulinde na vita, na mlima, na njaa. Katika jina la Yesu. Amina.